Gia Fupi kwenye Barabara ya Muleba

Mpaka leo nikishika mkono wa gia, moyo unashtuka. Sijawahi kupata ajali, na wala siogopi mwendo. Ni ile Ijumaa tu. Siku hiyo niligundua, nikiwa mwanamke mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mwenye duka la dawa Miembeni, Bukoba, na cheti ukutani, kwamba sikujua jambo kubwa kuliko yote nyumbani kwetu. Lilikuwa limekaa pembeni yangu kwenye kiti cha abiria mwezi hadi mwezi, nami nilikuwa nimeshughulika na kuamua kama nibadilishe gia.

Gari lenyewe ni la michezo, la Kijapani, la viti viwili, rangi ya kijani kibichi, na liko chini kiasi kwamba mbwa wa Nshambya hunitazama usoni ninapopita. Nililitamani miaka mingi kabla ya kulipata. Siku lilipofika, ndugu walikuja wakalizunguka kimya kama watu wanaoaga maiti. Shangazi yangu aliuliza mkungu wa ndizi utakaa wapi. Nilimjibu kwamba hautakaa popote, na mpaka sasa hajanisamehe.

Lina gia sita za mkono, na kasoro yake kwangu ilikuwa moja tu: mkono wa gia ulikuwa mrefu. Kutoka ya pili kwenda ya tatu ulikuwa unasafiri. Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi wenye magari kama langu, huko kwingine duniani, wanavyoung'oa mkono ule na kuweka mfupi, ambao ukiusogeza vidole vitatu tu gia imeingia. Mimi nilikiita kifaa hicho gia fupi. Nilikiota. Wateja walikuwa wananiuliza bei ya dawa ya kikohozi nami nasoma maoni ya watu nisiowajua wakibishana kama gia fupi inafaa au inaharibu gari.

Fundi wangu, mtu wa Kaagya mwenye maneno machache na mikono misafi kuliko ya mafundi wote ninaowajua, hakuitaka. Yeye huniita dokta, kama watu wote wanavyowaita wauza dawa.

"Dokta, gari hili lilizaliwa na mkono mrefu. Waliolitengeneza si wajinga."

"Na mimi je?"

"Wewe una haraka."

Hilo liliniudhi, kwa sababu ni kweli. Niliagiza kifaa hivyo hivyo. Kilipofika nilikiweka kwenye boksi lake chini ya kaunta, nikakaa nacho wiki kadhaa bila kuamua. Leo nakiweka, kesho siweki. Aliyenifanya niamue alikuwa mama yangu, bila yeye kujua, na inabidi niseme alivyonisukuma, ingawa sijivunii.

Mama ni mjane. Anaishi Muleba, kwenye kibanja alikoolewa, katikati ya migomba na mibuni, na kaburi la baba liko hatua ishirini kutoka mlangoni. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi nilikuwa namfuata asubuhi, namleta Bukoba kliniki ya presha, na jioni namrudisha. Kwa muda wa kama miaka miwili alikuwa amejijengea tabia moja iliyonikera kupita maelezo. Akishakaa na kufunga mkanda, aliweka mkono wake wa kulia pale chini, kwenye ile ngozi laini inayofunika mguu wa gia, na hakuutoa. Kila nilipobadilisha gia, kiwiko changu kilimgonga.

"Mae, toa mkono, utaumia," nilikuwa namwambia; mae kwetu ni mama.

"Ego, waitu," alikuwa anakubali kwa Kihaya, anauondoa. Kona mbili mbele mkono umerudi.

Nilidhani anaogopa mwendo. Nikajisemea kwamba gia fupi itamaliza ubishi. Haitasafiri, haitamgonga, nami nitapata raha yangu. Ndivyo nilivyoamua. Niliamua kwa hasira ndogo za mtoto kwa mzazi, zile ambazo mtu hazihesabu kuwa hasira.

Kabla sijafika Ijumaa yenyewe, niseme mambo matatu niliyokuwa nayajua juu ya mama na kuyajua vibaya.

La kwanza ni adabu yake. Mama ni wa malezi ya zamani. Anapiga magoti kumwamkia mtu, anatoa mkono na kuungoja wa mwenzake uje, na haangalii mtu usoni. Macho yake yako chini siku zote. Kwetu mwanamke wa namna hiyo husifiwa, na mama alisifiwa kila alipopita. Muuguzi wa kliniki aliwahi kuniambia kwamba wasichana wa siku hizi wangeletwa kwake wajifunze. Na mimi, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa kaka yangu, nilisimama na kipaza sauti nikasema mama yetu hajawahi kumkazia mtu macho maishani mwake. Watu walipiga makofi. Makofi yale nikiyakumbuka masikio yanawaka moto.

La pili ni dawa ya macho. Alikuwa ananiomba chupa ndogo ya matone kila mwezi, akisema macho yanawasha kwa sababu ya moshi wa jikoni. Nilikuwa namtolea rafuni. Mimi, ambaye mteja akinijia na jicho jekundu namfukuza aende kwanza akapimwe, nilimpa mama yangu mzazi matone ya kuwashwa kwa miaka mitatu bila kumwambia hata mara moja afumbue nimtazame.

La tatu ni kaka yangu, aliyeko Dar es Salaam. Baba alipofariki tulikaa kikao, tukakubaliana kwamba siku mama akishindwa kujitegemea atahamia kwa kaka. Niliunga mkono. Mama alikuwepo, hakusema kitu, na sote tulichukulia kwamba amekubali.

Basi. Alhamisi fundi alifunga gia fupi. Nilikaa nikaijaribu, gari likiwa limesimama, tik, tik, tik, nikacheka peke yangu kama mwehu.

"Tembea nayo wiki moja," fundi aliniambia. "Ule mkono wa zamani nimeuweka kwenye buti, na nati zake zote. Usiutupe."

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimefanya jambo lingine. Nilinyoa nywele zote. Nilikuwa nimechoka na dawa za nywele, ngozi inaungua, nikaingia saluni nikatoka na kipara. Bukoba mjini walinitania siku moja wakaacha. Lakini nilijua kijijini itakuwa kazi, maana huko mwanamke akionekana amenyoa namna ile, watu wanaelewa kitu kimoja tu, kwamba amefiwa.

Ijumaa asubuhi niliruka na gari mpaka Muleba nikiwa na furaha ya kijinga. Jirani wa mama, mwanamke wa makamo ambaye huwa anamsaidia palizi, alikuwa njiani na jembe. Aliponiona nikishuka alilitua jembe chini na kunishika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Ni nani tena?"

"Hakuna, mama. Ni mtindo tu."

Alinitazama kichwani muda mrefu, akalichukua jembe lake, akaondoka bila kuniamini.

Mama alikuwa tayari amevaa, amesimama kizingitini. Tulisalimiana haraka haraka kwa sababu nilikuwa nimechelewa, nikapiga goti moja badala ya mawili, nikamshika mkono. Nilijiandaa kwa maswali juu ya kichwa. Hakuuliza. Aliangalia chini kama kawaida yake, akasema twende. Nilifikiri amekasirika na ameamua kunistahi mpaka tufike garini. Garini napo hakuuliza. Nikamshukuru moyoni kwa busara.

Tulipoanza kuondoka, mkono wake wa kulia ulikuja pale pale. Ukatua kwenye ngozi. Niliingiza ya pili, ya tatu, tik, tik, nikamtupia jicho la ushindi. Mkono ulinyanyuka, ukatua tena, ukapapasa kidogo. Kisha ukabaki pale umetulia sana.

Kwa kawaida mama huzungumza njia nzima. Husema naona wamepaka kanisa rangi, naona nyumba ya fulani imeezekwa, na mimi huitikia bila kutazama. Siku hiyo tulipita Izigo hajasema neno. Tulipita kona zote za baada ya Izigo hajasema neno. Tulikuwa bado hatujafika Muhutwe, kulia kwetu kuna kilima na misonobari, kushoto kuna uwanja wa shule wenye watoto wakikimbia, ndipo mama alipogeuza uso upande wa kilima na kusema kwa sauti yake ya kila siku:

"Ziwa limetulia leo."

Nilitazama kilima. Nikamtazama yeye. Nikatazama tena kilima, kama vile mimi ndiye niliyekosea.

"Na mitumbwi ni michache," aliongeza.

Sijui nilivyosimamisha gari. Nakumbuka tu kwamba lilizima kwa sababu nilisahau klachi. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba akili imemtoka. La pili lilikuja taratibu zaidi, na lilikuwa baya zaidi. Niliinua mkono wangu wa kushoto nikaupitisha mbele ya macho yake, polepole, kwenda na kurudi. Macho hayakuufuata. Uso wake ulibaki umeelekea kwenye ziwa ambalo halikuwepo.

Hapo ndipo nilipokumbuka kichwa changu. Mama yangu, Mhaya wa Muleba, alikuwa amekaa na binti yake aliyenyoa kipara kwa zaidi ya nusu saa na hakuuliza nani amekufa.

"Mae," nilisema.

Alikuwa ameshaelewa.

"Umebadilisha nini kwenye gari?" aliuliza.

"Gia."

"Nilijua. Leo gari haliniambii kitu."

Kisha akanieleza, bila kulia, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Jicho la kushoto lilikwenda kwanza. La kulia likafuata kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati, mpaka akabaki anauona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu. Nyumbani hahitaji macho, kila mgomba anaujua. Kanisani nyimbo zote anazo kichwani. Watu anawajua kwa sauti na kwa mkono. Shida yake ilikuwa ni gari langu, kwa sababu humo alikuwa anakaa saa nzima na mtu anayemjua vizuri, naye ni lazima aseme anaona nini.

"Nikajifunza gia zako," alisema. "Mguu wa gia ukija upande wangu ni mlima au kona. Ukienda upande wako, barabara imenyooka. Ukija kwangu mara mbili karibu karibu baada ya Izigo, ni zile kona. Ukishakaa sana upande wako halafu ukarudi, tunateremka Kemondo, hapo nasema ziwa. Hukosei. Unaendesha vilevile kila mara, kama baba yako alivyokuwa anakata ndizi."

"Na leo?"

"Leo mguu hautembei. Nikahesabu matuta, lakini matuta yako kila mahali. Nikabahatisha."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, nikipiga usukani. Alingoja nimalize.

"Ningekuambia, ungemwambia kaka yako. Kaka yako angeniletea tiketi. Mlishaamua, mbele yangu. Mimi nikafanye nini Dar es Salaam, nikakae kwenye sofa? Baba yenu atabaki na nani?"

"Kuna anayejua?"

"Jirani anajua. Yaliyobadilika barabarani hunisimulia yeye."

"Na mimi nakuja kila mwezi."

"Unakuja mbio, mwanawange."

Hakulisema kwa kunilaumu, na ndiyo maana liliniingia. Nilikaa pale na gari limezima, watoto wa shule wamekuja kwenye uzio kutazama gari, nikajiona mtu mpumbavu kuliko wote wa mkoa mzima.

Alitaka nigeuze nimrudishe nyumbani. Nilikataa. Tulikwenda Bukoba moja kwa moja kwa daktari wa macho, presha ya damu ikangoja. Daktari alimpima kwa upole, muda mrefu, kisha akaniambia ni presha ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki na mwanga, na kilichokwenda hakirudi, ila kuna matone ya kuuzuia huo uliobaki usiende nao. Alisema jina la dawa. Ninayo dukani. Ilikuwa kwenye rafu ile ile, vidole vinne kutoka kwenye chupa niliyokuwa nampa.

"Hali hii ilianza lini?" daktari aliniuliza.

"Sijui," nilisema. Ni jibu fupi na sijawahi kutoa jibu lililonielemea vile.

"Anaishi na nani?"

Mama alijibu mwenyewe. "Naishi na Mungu na jirani."

Kutoka hapo nilikwenda kwa fundi. Alikuwa chini ya gari jingine, akajitokeza, akaona uso wangu.

"Nirudishie ule mkono mrefu," nilimwambia.

"Wiki haijaisha."

"Rudisha."

Alimtazama mama, ambaye nilikuwa namshika kiwiko kumkalisha kwenye kiti. Alinawa mikono, akafungua buti, akaanza kazi. Gia fupi ilipotoka mama aliomba aishike. Fundi aliifuta mafuta akamwekea viganjani kwa mikono miwili, kwa heshima. Mama aliigeuza, akaipima uzito.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, mae."

"Ni nzuri. Ni nzito." Akaninyooshea, mahali ambapo sikuwepo, nikasogea nikaipokea. "Usiitupe. Siku nisipokuwepo utairudisha."

Fundi aliinama zaidi kwenye nati zake kuliko kazi ilivyohitaji.

Alasiri tuliondoka. Sijawahi kuendesha kwa uangalifu vile, hata siku ya kupimwa leseni. Kila gia niliiingiza mpaka mwisho, sikuruka hata moja, na mkono wa mama ulikuwa pale chini kwenye ngozi, nami nikajifunza kukunja kiwiko changu nisimguse. Tulipoanza kuteremka alisema, "Kemondo." Ilikuwa Kemondo. Ziwa lilikuwa pale, limetulia kweli, na mitumbwi ilikuwa michache. Nilimwambia hivyo. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa.

Baada ya Muhutwe aliniuliza, "Utamwambia kaka yako?"

Nilifikiri mpaka kona mbili zikapita.

"Nitamwambia. Lakini nitamwambia pia kwamba huhami. Na nitakuja kila wiki."

"Mbio?"

"Siyo mbio."

Vidole vyake vilitulia. Kaka alipopata habari tulizozana kwenye simu siku tatu, na hayo ni ya kwetu. Mama bado yuko Muleba.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado liko juu ya migomba. Alisema "tumefika" kabla sijakanyaga breki. Nilitaka kumshika mkono, akaukataa, akatangulia, nami nikamfuata nyuma nikimwangalia kwa mara ya kwanza. Alipita katikati ya migomba bila kugusa jani. Kwenye kaburi la baba alipunguza hatua, kama alivyofanya siku zote, na siku zote nilidhani anasali, kumbe anahesabu hatua.

Mlangoni nilipiga magoti kumuaga, safari hii yote mawili. Kwa kawaida hunishika mabega. Mkono wake ulishuka, lakini kwa vile nilikuwa chini zaidi ya alivyozoea, ukatua kichwani. Ukasimama. Kisha ukapita kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, ukarudi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mae."

"Umenyoa."

"Nilichoka na dawa za nywele. Ni mtindo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na leo tumekuwa pamoja kutwa nzima, hukuniambia." Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Usinifiche vitu, mwanawange."

Nilibaki pale chini nimepiga magoti, na yeye amenishika bado, akiangalia chini kwa adabu yake ile ile.